Namba ya Saa Nne

Jumanne, 1 Aprili

Hospitali wamenipa daftari la jalada la buluu, nimelisukuma chini ya kitanda. Hilo ni la utafiti. Kila siku natakiwa kuandika humo namba moja tu ya maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi. Haya mengine naandika huku nyuma ya daftari langu la vipimo, baada ya kurasa za viuno na mabega ya wateja. Nimekuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na tano, mambo yangu siyaandiki kwenye daftari la watu.

Asubuhi nilikuwa na goti nililozaliwa nalo. Sasa nina la chuma na plastiki, mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Katika utafiti wao wanataka kujua kama mtu aliyebadilishwa goti au nyonga anaweza kurudi kwake siku hiyo hiyo, akapona sawasawa na yule anayelazwa siku tatu wodini. Wagonjwa tunagawanywa kwa bahasha. Yangu ilipofunguliwa ikasema nyumbani, nikafurahi kana kwamba nimeshinda kitu.

Kabla ya kuniruhusu walinipandisha vingazi vinne vya mbao vilivyowekwa katikati ya chumba. Nikapanda, nikashuka, wakanipigia makofi. Dada wa mazoezi akamuuliza mwanangu, "Nyumbani kuna ngazi?"

Mwanangu alikuwa anaandika kwenye simu. "Zipo, chache."

Hizo chache ni hamsini na mbili. Nimepandishwa hadi ghorofa ya nne nikiwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni, mwanangu nyuma, jirani wa chini mbele, kama kabati linalohamishwa. Maelekezo yote walinipa kichwa changu bado kina dawa ya usingizi. Kila alichosema yule dada niliitikia ndiyo, na sikumbuki hata kimoja, ila kwamba ndani ya wiki sita goti lifike digrii tisini, yaani likunje kama kona ya meza. Likifika, nitashuka ngazi kwa miguu yangu. Mwanangu ndiye aliyetia saini mahali palipoandikwa "mwangalizi wa nyumbani".

Jumatano, 2 Aprili

Sista wa utafiti alipiga simu saa nne kamili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Na hapo nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo wote."

"Goti nalo linaendeleaje?"

"Linaendelea vizuri, tunashukuru."

"Kwenye ile sifuri mpaka kumi, tuseme ngapi?"

"Tuseme tatu."

Akashukuru, nami nikashukuru. Nilipoweka simu chini niliuma shuka. Ilikuwa nane, kama si tisa. Kwenye daftari la buluu nikaandika tatu, lifanane na simu.

Alhamisi, 3 Aprili

Tatu. (Nane.)

Ijumaa, 4 Aprili

Tatu. (Saba.) Mvua imeanza. Dirishani naona mabati ya jengo la pili na kipande cha barabara chenye upana wa mlango.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo mwanangu hakwenda kazini, akakaa nami asubuhi nzima. Mtoto huyu ana moyo. Aliona nimekunja uso, akaenda akauleta ule mto mdogo nilioushona kwa masalio ya vitambaa, akauingiza chini ya goti. Maumivu yakashuka mpaka nne, ya kweli. Nikamwombea dua kwa sauti ili mkewe asikie.

Mkewe akaingia, akautazama ule mto, akauchomoa.

"Mama, mto haukai hapo."

"Unakaa wapi?"

"Hapa." Akauweka chini ya kisigino. Goti likabaki linaning'inia hewani, halina cha kuliegemeza. Nilihisi mtu ananinyoosha kwa pasi.

"Ni maelekezo," akasema. "Yapo kwenye karatasi, mlango wa friji."

Mwanangu aliangalia simu yake.

Jumatatu, 7 Aprili

Sista amenisifu. Amesema kwa kuwa siku sita zote niko tatu, daktari ameona vidonge vikali viishe leo, nibaki na vile vyeupe vya kawaida. "Wewe ni mgonjwa wa mfano, mama." Nikasema asante. Ningesema nini? Mtu amekusifu, umwambie amekosea?

Jumanne, 8 Aprili

Tatu. (Tisa.)

Jumatano, 9 Aprili

Mkamwana wangu, aliyeomba ruhusa kazini aniuguze, ametega simu yake ilie kila baada ya saa mbili. Ikilia anaingia na mfuko wa plastiki, anauweka chini ya kisigino changu ili mguu uteleze kitandani, kisha anasimama.

"Vuta kisigino, mama."

"Nimevuta."

"Bado."

"Hapo ndiyo mwisho wake."

"Jana kilifika hapa." Ameweka alama ya chaki ya fundi, chaki yangu mwenyewe, kwenye shuka langu mwenyewe. Nikavuta mpaka machozi yakanitoka, sikufika kwenye chaki. Hakunipa pole. Akazima ile simu, akatoka kwenda kufua.

Kuanzia leo humu ndani namwita Askari Jela. Ana funguo, ana ratiba, anajua nimekunywa maji saa ngapi na nimekwenda haja mara ngapi. Nimekaa na mkamwana huyu miaka sita na sikujua kama ana ukali wa namna hii.

Jumapili, 13 Aprili

Tatu. (Nane.) Mvua. Dari ina doa jipya juu ya kabati.

Jumanne, 15 Aprili

Muuguzi amekuja kutoa nyuzi za kidonda. Amesema mshono ni mzuri. Kwa jicho langu ni mshono wa kawaida tu, umevutwa mno mwishoni. Akauliza mazoezi yanaendaje. Nikasema vizuri. Askari Jela alikuwa mlangoni, akanitazama kwa muda, akaenda zake.

Ijumaa, 18 Aprili

Tumepata njia, mimi na mwanangu. Askari Jela akienda dukani, yeye ananirudishia mto chini ya goti. Tunacheka kama watoto walioiba sukari. Akisikia hatua za mkewe kwenye ngazi anauvuta, anaurusha kwenye kiti. Ngazi hamsini na mbili zina faida yake, unamsikia mtu mapema.

Jumatatu, 21 Aprili

Tatu. (Saba, nikiwa sijaguswa. Nikiguswa, sina namba.)

Mazoezi ya saa nane nilijifanya nimelala.

Alhamisi, 24 Aprili

Jana nilijifanya nimelala mara tatu, leo mara mbili. Alisimama pale kitandani na mfuko wake wa plastiki kwa muda mrefu. Namjua mtu anayejua kwamba sijalala.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Nimejua sauti zote za jengo hili. Jirani wa chini anakohoa akifungua mlango. Wa ghorofa ya pili anaburuta kiti. Cherehani yangu iko sebuleni, hatua kumi na moja kutoka hapa, imefunikwa shuka. Kuna gauni ndani yake nililoliacha limeshonwa upande mmoja tu. Mwenye gauni ametuma salamu mara mbili, hajalitaja.

Kutembea natembea, na ile fremu ya miguu minne, kitandani hadi chooni, chooni hadi kitandani. Jikoni siendi kwa sababu ya kizingiti. Nikilala nasikia watu wanashuka ngazi, pa, pa, pa, bila hata kufikiri, nawachukia wote.

Jumanne, 29 Aprili

Leo ni wiki ya nne. Nimeshushwa tena na kiti cha jikoni kwenda kupimwa. Mvua ilikuwa inapiga, mwanangu akateleza ngazi ya thelathini na kitu, nikadhani tumekwisha. Jirani wa chini akasema, "Mama, ukipona utanishonea suruali, mgongo wangu umeshalipa." Tukacheka.

Daktari aliweka kipimo chake cha pembe kwenye goti. Linakunja digrii hamsini na nane. Na kunyooka halinyooki, limebakisha kumi na tano.

Akafungua karatasi ya utafiti. Nikaiona hata kutoka nilipokaa, safu nzima ya tatu.

"Maumivu huna," akasema.

Nikavuta kanga kulifunika goti.

"Basi kama maumivu huna na goti liko hivi, mama, hufanyi mazoezi."

"Anafanya sana, daktari," mwanangu akasema haraka. "Mimi mwenyewe naona."

Askari Jela alikuwa amekaa karibu na mlango na mkoba mapajani. Nilingoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema kila kitu: mto, usingizi wa uongo, chaki. Hakusema neno.

Daktari akaeleza taratibu, kama mtu anayemwelewesha mtoto. Kovu limeanza kushikana ndani. Wiki ya sita watapima tena, na siku ya mwisho ni tarehe ishirini Mei. Likiwa bado liko mbali na tisini, watanilaza tena usingizi walikunje kwa nguvu ya mikono mpaka lile kovu liachie. Wakati mwingine inasaidia, wakati mwingine hakuna tofauti. "Lisipokunja, mama, ngazi utaziona hivyo hivyo. Na mguu wa kushoto, ambao nao unasubiri goti jipya, hatuwezi kuugusa, utakosa wa kusimamia."

Yaani nibaki ghorofa ya nne maisha yangu yote, nishushwe kama kabati kila nikitaka kuona barabara. Kurudi juu nilifumba macho ngazi zote.

Jumatano, 30 Aprili

"Shikamoo mama, umeamkaje?" "Salama." "Goti?" "Tatu."

Siku nzima sikula. Nina hasira na daktari, nina hasira na mimi. Hufanyi mazoezi, aliniambia hivyo mbele ya mkamwana.

Ijumaa, 2 Mei

Nimevuka kizingiti cha jikoni. Nilikuwa peke yangu, Askari Jela alikuwa kibarazani anaanika nguo kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika. Nilitaka kuiona hiyo karatasi ya friji anayoitaja kila siku, niijibu.

Ni karatasi ya hospitali, imekunjamana, inaonekana ilikaa chini kabisa ya mfuko wa dawa na mwanangu hakuitoa. Mstari wa tatu unasema: usiweke mto chini ya goti hata kama unakupa nafuu, goti litaganda likiwa limekunjwa. Umepigiwa mstari kwa kalamu mara mbili. Mstari wa tano: mazoezi kila baada ya saa mbili, mgonjwa ameze dawa ya maumivu kabla. Chini yake kuna maandishi yake, siku kwa siku. Umbali wa kisigino kwa sentimita, ameupima kwa futi yangu ya ushonaji. Na pembeni ya siku nyingi ameandika "amejifanya amelala, nimemwacha apumzike."

Nilisoma hiyo mara kadhaa. Nikakaa kwenye kile kiti cha jikoni, kiti cha kubebea kabati. Akanikuta hapo na beseni tupu mkononi.

"Mama, umevuka mwenyewe?"

"Kozi yako ya kazini, ile uliyoingoja mwaka mzima, si ilikuwa mwezi uliopita?"

"Ilikuwa."

"Na?"

"Nafasi yangu walimpa mwingine. Wamesema labda mwakani." Akaweka beseni chini. "Nilimwambia mume wangu habari ya kozi kabla hajatia saini ile fomu. Alisema kukuuguza ni siku mbili tatu tu."

Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nilichosema ni, "Nipe maji." Akanipa.

Jumatatu, 5 Mei

Haya nayaandika polepole kwa sababu nataka niyakumbuke yalivyokuwa.

Saa nne kasorobo ilikuwa zamu ya mazoezi. Sikujifanya nimelala. Nilivuta kisigino, nikalia kwa sauti, sijalia hivyo tangu nimzike mume wangu. Mkamwana wangu akanishika bega, mara ya kwanza. Simu ikalia. Nikafuta uso kwa shuka, nikapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama kabisa."

"Goti tuseme ngapi leo?"

"Tatu."

Tukaagana. Mkamwana alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wake bado una unyevu wa machozi yangu.

"Mama, kwa nini umemwambia tatu?"

"Amenisalimia."

"Najua amekusalimia. Namba je?"

"Mtu akikuuliza umeamkaje, unamwambia umeamka vibaya? Tena asubuhi?"

Akafikiri. Hakucheka. "Kwa hiyo hiyo tatu ni ya kumjibu salamu tu. Siku zote?"

"Siku zote."

"Na vidonge wakaviondoa."

"Wakaviondoa."

"Nami nikawa nakukunja goti bila dawa." Akasimama, akaenda dirishani. Niliona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nilikuwa nimemfanya mtesaji bila yeye kujua, na mimi nikamchukia kwa hilo.

"Mpigie," nikasema. "Mpigie sasa hivi, kabla sijaanza kuona haya upya."

Alipiga, akanipa simu. Sista akaanza, "Shikamoo tena ma..."

"Nane," nikasema.

"Samahani?"

"Goti. Ni nane. Tangu siku ya kwanza ni saba, nane, tisa. Ile tatu nilikuwa najibu salamu."

Nikasikia kalamu inawekwa chini. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, isiyo ya kazini, "Mama, kila asubuhi napiga simu thelathini na moja. Karibu zote ni mbili na tatu. Tulikuwa tunaandika kwamba kurudi nyumbani siku hiyo hiyo hakuumi."

"Huwa unawasalimia wote kwanza?"

"Wote."

"Basi."

Jumanne, 6 Mei

Vidonge vikali vimerudi, kwa siku kumi na tano tu, nimeze nusu saa kabla ya mazoezi. Saa nne simu ikalia. Hakunisalimu. "Namba?" akauliza. "Saba." Akaandika, kisha ndipo akasema shikamoo. Ilinikera kidogo na ilinipa nafuu zaidi ya kidonge.

Ametaka namba za kweli za siku zote zilizopita.

Jumatano, 7 Mei

Namba za kweli ziko humu, na siku nilizoruka nazitaja kwa kichwa. Mkamwana alikaa na daftari hili mapajani ananakili kwenye lile la buluu, mimi namwangalia kurasa zinavyofunguka na siwezi kuruka kitandani nimnyang'anye. Alipofika tarehe tisa Aprili akasimama.

"Mama, Askari Jela ni nani?"

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Nilidhani ni mimi," akasema, akaendelea kunakili. Alipomaliza akafunga daftari, akaangalia saa. "Muda umefika. Mfungwa, toa mguu."

Tulicheka mpaka mvua haikusikika.

Jumamosi, 10 Mei

Saba, ya kweli, nimemwambia saba. Nimefika kwenye chaki, nimeipita vidole viwili.

Mwanangu aliuleta ule mto kwa siri, nikamwambia auweke chini ya kisigino. Akashangaa. "Mke wangu amenieleza zile namba. Kwani, mama, mbona hukuniambia linauma kiasi hicho?"

"Uliniuliza naendeleaje."

Akakaa. Nikampa ile karatasi ya friji aisome yote, mpaka maandishi ya mkewe. Aliisoma amesimama. Leo ndiye aliyefua.

Jumanne, 13 Mei

Wiki ya sita: sabini na tisa. Daktari hakunisifu, hakunilaumu. Kitanda cha tarehe ishirini amekiacha kimeandikwa jina langu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimechukua karatasi ya kukatia mitindo nikakata kona ya mraba, digrii tisini kamili, maana kwenye kona fundi hakosei. Mkamwana anaisimamisha pembeni ya goti. Bado kuna mwanya, kalamu mbili zinapita.

Sita.

Jumapili, 18 Mei

Kalamu moja. Saba.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua, na kalamu ile ile. Nimemwambia kama kesho watanilaza, asinisindikize, abaki apumzike. Amesema anakuja na karatasi yake.

Jumanne, 20 Mei

Daktari alipima mara mbili. Mkamwana aliitoa ile kona mkobani, akaiweka upande wa pili wa goti, mbele yake, bila kuomba ruhusa. Wakainama wote wawili.

"Themanini na nane," daktari akasema.

Mwanya wa upana wa uzi. Nilishika ukingo wa kitanda.

"Kitanda cha leo nampa mwingine. Endelea hivi hivi."

Sista wa utafiti alikuja kunisalimia ana kwa ana, mara ya kwanza naiona sura yake. Ni mdogo kuliko sauti. Amesema wagonjwa wengi wamebadilisha namba tangu alipoacha kuanza na shikamoo, na wakubwa wake wamekubali kuhesabu upya. Akaniambia mguu wa kushoto utafanyiwa upasuaji mwakani, nje ya utafiti, bila bahasha. Nichague mwenyewe, nyumbani au wodini.

"Wodini," nikasema.

Mkamwana akageuka. "Kwa nini, mama? Nyumbani tumeshazoea."

"Mwakani una kozi."

Alikunja ile kona ya karatasi mara nne, akairudisha mkobani, akachukua muda mrefu kufunga zipu.

Jumatano, 21 Mei

Leo nimekataa kiti. Nilimeza kidonge cheupe saa tatu na dakika ishirini, nikashika reli, mguu mpya unatangulia, wa zamani unafuata. Mkamwana alikuwa ngazi mbili mbele yangu, anashuka kinyumenyume, mikono wazi, hanigusi. Ghorofa ya pili nilikaa chini nikapumua. Jirani wa chini alikohoa, akafungua mlango, akanikumbusha suruali.

Saa nne ilinikuta kwenye ngazi ya mwisho, simu ikalia mfukoni.

"Namba?"

"Saba. Niko chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya ngazi. Naona barabara."

Nikamsikia anaandika. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mvua ilikuwa nyembamba, tukasimama mlangoni mimi na mkamwana wangu tukaitazama mpaka ikatulowesha miguu. Kisha nikageuka. Zilikuwa zinanisubiri hamsini na mbili za kupanda.